Morris Swadesh na saa ya maneno 100

Morris Swadesh alizaliwa mwaka 1909 huko Holyoke, Massachusetts, Marekani, na wazazi Wayahudi waliohamia kutoka Bessarabia. Alifundishwa na Edward Sapir, kwanza Chicago kisha Yale, na mwaka 1933 akapata udaktari kwa kazi juu ya Kinootka, lugha ya wenyeji wa kisiwa cha Vancouver. Baadaye alifanya kazi Michoacán, Meksiko, katika mradi wa kuwafundisha Watarasko kusoma kwa lugha yao. Mwaka 1949, wakomunisti wakisakwa Marekani, alipoteza kazi yake katika City College ya New York.

Ni katika miaka hiyo ya mashaka alipotunga kipimo chake. Wanakemia walikuwa wameanza kukadiria umri wa mifupa kwa kaboni. Swadesh akaona kwamba huenda msamiati wa msingi nao unachakaa kwa kasi isiyobadilika. Orodha ya mwaka 1952 ilikuwa na maneno zaidi ya 200. Mwaka 1955 akaipunguza hadi 100. Alikadiria kuwa katika miaka 1000 lugha hubakiza 86 kati ya hayo 100. Basi lugha mbili zilizotengana miaka 1000 zingechangia 74 hivi.

Je, kipimo hiki kinaaminika? Watafiti wawili wamhoji msemaji mmoja kuhusu kiungo tunachokanyagia: huyu ataandika mguu, yule wayo. Neno moja likibadilika hapo, tarehe inasogea kwa miaka 45 hivi. Orodha inadai pia kijani na njano, ilhali mizizi yetu ya rangi ni -eupe, -eusi na -ekundu. Kijani tumekikopa kwa majani.

Hilo lingerekebishika kwa maelekezo bora. Gumu zaidi ni uhalali: saa hii inapima muda kweli? Damu, samaki na baridi ni maneno ya orodha, na Kiswahili kimeyapata kwa Waarabu. Kwa hesabu ya Swadesh, Kiswahili kingeonekana kimeachana na ndugu zake zamani kuliko ilivyo, kumbe kilichopimwa ni biashara ya pwani. Mwaka 1962 Knut Bergsland na Hans Vogt walionyesha jambo kama hilo: Kiislandi na Kinorwe vimetoka katika lugha moja ya kale, lakini Kiislandi kimepoteza maneno machache mno. Miaka ni ileile, kasi ni mbili.

Swadesh hakuiacha hoja yake. Tangu 1956 aliishi Meksiko, akifanya utafiti katika Chuo Kikuu cha Taifa, na alifariki huko mwaka 1967. Tarehe zake wengi wamezitupa, nami naona walifanya haki, orodha wakaibakiza. Mwaka 1999 Bastin, Coupez na Mann walilinganisha lugha 542 za Kibantu kwa maneno 92, ili kuona zinavyokaribiana.