Gaston Planté na Betri ya Gari

Gaston Planté, mwanasayansi wa Ufaransa, alizaliwa mwaka 1834. Wakati huo betri ikiisha nguvu ilibidi itiwe kemikali mpya. Mwaka 1859 Planté alichovya mabamba mawili ya madini ya risasi katika asidi ya salfuriki, akapitisha umeme. Betri hiyo ilipoisha nguvu, iliweza kuchajiwa tena. Planté alifariki mwaka 1889, lakini betri za namna hiyo zingali zikitumika katika magari.

Betri hiyo hutoa umeme popote penye njia. Ikiwa ni nzima, na bado huisha nguvu kila usiku, fundi huzima vyombo vyote, huunganisha amita, kisha huchomoa fyuzi mojamoja. Mshale wa amita ukishuka ghafla, njia inayopoteza umeme imepatikana.