Mama Daktari: Aliyewafikia wagonjwa wa Kiunga kwa ndege

Wazee wa Kiunga, Kiwayu na Faza wangali wanaikumbuka sauti ya ndege ndogo iliyopita juu ya mapaa ya makuti. Kina mama walibeba watoto wakakimbilia uwanjani. Mama Daktari amekuja.

Huyo alikuwa Anne Spoerry, aliyezaliwa Cannes, Ufaransa, mwaka 1918. Alikuwa akisomea udaktari Paris vita vya pili vya dunia vilipozuka. Alijiunga na wapiganaji wa siri dhidi ya Wajerumani, akakamatwa mwaka 1943 na kupelekwa kambi ya Ravensbrück.

Hapo ndipo penye doa la maisha yake. Baada ya vita, wanawake waliofungwa naye walimshutumu kwamba aliwatesa wagonjwa kambini, na hata kuwadunga baadhi yao sindano za kuua. Aliondoka Ulaya, akafanya kazi Aden, kisha akaja Kenya na kuwa daktari Ol Kalou. Jambo hilo hakulizungumza hadharani mpaka alipokufa.

Akiwa na miaka 45 hivi, alijifunza urubani. Mwaka 1964 akajiunga na madaktari wa ndege wa AMREF, shirika lililoanzishwa mwaka 1957. Kwa zaidi ya miaka 30 alirusha ndege mwenyewe hadi Turkana, Marsabit na visiwa vya Lamu. Alitua kwenye viwanja vya vumbi, akatibu watu chini ya bawa la ndege: malaria, vidonda, chanjo za watoto, meno ya kung'oa. Shela alikuwa na nyumba yake. Alifariki mwaka 1999, akiwa na miaka 80.

Je, mema ya miaka 30 yanafuta mabaya ya vita? Hukumu hiyo si yetu, ni ya Mungu. Waliodhulumiwa Ravensbrück wana haki ya kukumbukwa, na mama wa Kiunga ambaye mtoto wake alipona naye ana haki ya kushukuru. Mwenye kusimulia maisha yake na asifiche upande wowote.

Lakini liko swali linalotuhusu sisi. Kwa nini afya ya vijiji vizima ilitegemea bibi mmoja na ndege yake? Alipoondoka, bahari ilibaki palepale. Kusi likivuma, mja mzito wa Kiunga anayehitaji kupasuliwa bado yuko mbali na hospitali ya Lamu, na mafuta ya boti ni ghali. Tangu mwaka 2013 huduma za afya ziko mikononi mwa kaunti. Zahanati yenye dawa, muuguzi anayekaa kijijini na boti ya wagonjwa yenye mafuta si hisani ya kusubiri kutoka angani. Ni haki ya mwananchi, na tuidai kwa wale tuliowapa kura.