Ben Hogan, Mtu Aliyejifunza Upya Kupiga Mpira

Wasomaji wa gazeti letu huenda wakastaajabu kuona mwanafunzi wa Kigali anaandika habari za Mmarekani aliyekuwa akipiga mpira mdogo kwa fimbo. Sababu yake ni hii. Siku za Jumamosi na wakati wa likizo mimi huenda Nyarutarama, kwenye uwanja wa gofu wenye mashimo 18 uliochorwa upya na kampuni ya Gary Player wa Afrika Kusini. Huko huwachukulia wachezaji mifuko yao ya fimbo nikapata fedha za madaftari, na jioni huruhusiwa kupiga mipira michache. Nilijifundisha mwenyewe kwa kutazama watu. Nilipiga mbali kuliko wenzangu wote, ingawa mara nyingi mpira ulijikunja kushoto ukapotelea majanini.

Likizo iliyopita mwalimu wa mchezo huu alinigeuza mikono juu ya fimbo. Tangu siku ile napiga vibaya kuliko mtoto anayeanza. Mpira huenda kulia tena karibu, wenzangu hucheka, na mashindano yetu sisi wachukuzi wa mifuko yamekaribia. Nilikuwa nimekwisha kata shauri kurudia desturi yangu ya zamani. Mzee mmoja ninayemchukulia mfuko akaniazima kitabu cha Hogan. Nilikisoma mara mbili, kisha nikatafuta habari za maisha yake.

William Ben Hogan alizaliwa tarehe 13 Agosti 1912 huko Stephenville, katika jimbo la Texas, akalelewa katika mji mdogo wa Dublin jirani na hapo. Alikuwa kitinda mimba katika watoto watatu. Baba yake, Chester, alikuwa mhunzi, na siku zile motokaa zilikuwa zikiwaondoa farasi barabarani, hata kazi ya mhunzi ikawa haina faida. Katika mwaka wa 1922 baba huyo alijitoa uhai. Ben alikuwa na umri wa miaka tisa. Jamaa ile ilikaa Fort Worth, na mtoto akauza magazeti kwenye stesheni ya gari la moshi.

Alipofika miaka 11 akasikia kwamba katika uwanja wa gofu wa Glen Garden mtoto hulipwa senti 65 kwa kuchukua mfuko duru moja. Basi akaenda. Mwenzake mmoja katika kazi ile alikuwa Byron Nelson, ambaye naye baadaye alikuwa bingwa mkubwa. Ben alikuwa mfupi na mwembamba, na wavulana walishindana kupiga mbali. Ili asiachwe nyuma, akageuza mikono yake sana upande wa kulia juu ya mpini, akaizungusha fimbo nyuma hadi ikashuka chini ya bega. Mpira ulikwenda mbali kweli, lakini ulikunja kushoto. Niliposoma hapo nilikiweka kitabu chini kidogo, maana ni kana kwamba mtu alikuwa amenitazama mimi.

Akaanza kucheza kwa fedha katika mwaka wa 1930, naye bado kijana wa miaka 17. Mara kadhaa akaishiwa na fedha, akarudi nyumbani kufanya kazi nyingine. Katika mwaka wa 1935 akamwoa Valerie Fox, na mke wake akasafiri pamoja naye katika motokaa yao kuukuu. Katika mashindano ya Oakland ya mwaka wa 1938 akaamka asubuhi akakuta magurudumu ya motokaa yameibwa. Akaomba kuchukuliwa na wengine, akacheza, akapata fedha za kuendelea na safari.

Henry Picard, mchezaji aliyekuwa amekwisha fanikiwa, alimwahidi kumsaidia kwa fedha kama atakwama. Ahadi ile ilimtuliza moyo, wala fedha zenyewe hakuzihitaji. Baadaye Picard huyohuyo akamwonyesha kuupeleka mkono wa kushoto upande wa kushoto juu ya mpini, ili uso wa fimbo usijifunge upesi unapofika kwenye mpira. Katika mwezi wa Machi 1940, huko Pinehurst, Hogan akashinda peke yake kwa mara ya kwanza, baada ya miaka kumi ya kujaribu. Kisha akashinda mara mbili nyingine mfululizo.

Lakini ugonjwa wa kukunja haukuisha. Alikwenda jeshini wakati wa vita kuu ya pili, akarudi, na katika mwaka wa 1946 alishindwa mashindano mawili makubwa kwenye shimo la mwisho. Hapo akarudi tena kwenye uwanja wa mazoezi. Aliiacha mikono yake pale Picard alipoiweka, akasogeza kidole gumba cha kushoto juu ya mpini, na fimbo ilipofika juu nyuma akakunja kifundo cha mkono wa kushoto nyuma kidogo tu. Kwa kukunja huko uso wa fimbo ulifunguka. Sasa aliweza kupiga kwa nguvu zake zote bila hofu ya kushoto, maana mpira ulikwenda ukaangukia kulia kidogo, polepole, mahali alipotaka. Mwaka huohuo akapata taji lake kubwa la kwanza, na katika mwaka wa 1948 akalishinda lile la Marekani lililo wazi kwa wote.

Watu wengi husema Hogan alikuwa na siri. Katika mwaka wa 1955 alilieleza gazeti moja habari za kile kifundo cha mkono, na hata hivyo wengine wakadai kwamba ameficha nyingine. Mimi siamini. Nahesabu miaka tangu Glen Garden mpaka 1946, naona ni zaidi ya 20.

Tarehe 2 Februari 1949, karibu na Van Horn katika Texas, yeye na mkewe walikuwa barabarani penye ukungu, likatokea basi la abiria likipita gari jingine, likawajia uso kwa uso. Hogan akajitupa mbele ya mke wake ili amkinge. Usukani ukapenya mpaka kwenye kiti alichokuwa amekalia, na kwa kujitupa vile akapona yeye pia. Alivunjika nyonga, mtulinga, ubavu na kifundo cha mguu. Kisha damu ikaganda miguuni, ikabidi daktari mpasuaji aletwe kutoka New Orleans kuufunga mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Ilidhaniwa hatatembea vizuri tena, sembuse kucheza.

Alianza kwa kuzunguka chumba chake. Miguu ilivimba kila siku mpaka mwisho wa maisha yake. Kabla ya kucheza aliloweka mwili katika maji ya moto, akafunga bendeji tangu vifundo mpaka mapajani. Mwezi wa Juni 1950 alikwenda Merion. Siku ya mwisho iliwapasa kucheza mashimo 36, na inasimuliwa kwamba alikaribia kuanguka kwa maumivu. Kwenye shimo la mwisho alipiga kwa fimbo ya chuma namba moja, fimbo ngumu kuliko zote, na Hy Peskin akampiga picha kutoka nyuma. Nimeitazama picha hiyo muda mrefu: uzito wote uko juu ya mguu wa kushoto uliovunjika. Kesho yake akawashinda Lloyd Mangrum na George Fazio kwa mapigo 69 dhidi ya 73 na 75. Fimbo yenyewe iliibwa, ikaonekana tena katika mwaka wa 1983.

Katika mwaka wa 1953 alishinda mataji makubwa matatu. La tatu lilikuwa Carnoustie, Scotland, ambako mpira wao ulikuwa mdogo kuliko wa Marekani, naye akawahi mapema ili auzoee. Duru zake nne zilikuwa 73, 71, 70 na 68. Jumla ya mataji yake makubwa ni tisa, na sita kati yake aliyapata baada ya ajali.

Kitu kimoja hakuweza kukijenga upya. Uzeeni, alipokuwa karibu kabisa na shimo, mikono yake ilikataa kusogea, akasimama juu ya mpira kama aliyegandishwa. Alifariki Fort Worth tarehe 25 Julai 1997, akiwa na umri wa miaka 84.

Mzee nimemrudishia kitabu chake. Mashindano yetu ni Jumamosi ya wiki ijayo, na mikono yangu bado iko pale alipoiweka mwalimu. Jana jioni nilipiga mipira 20. Minne ilikwenda sawasawa.