Aliyeihamisha Afisi Kutoka Machakos

Waliponena wahenga kwamba penye miti hapana wajenzi, yamkini hawakuifikiria Machakos. Lakini mimi, mwenyeji wa mji huu, kila niyatazamapo maghorofa ya Nairobi, kilomita 60 na ushei kutoka hapa, huikumbuka methali hiyo, na pamoja nayo humkumbuka Mwingereza mmoja, John Ainsworth.

Bwana huyu alizaliwa mwaka wa 1864 karibu na Manchester, akafika Mombasa mwaka wa 1889 akiitumikia kampuni ya Waingereza iliyotawala eneo hili kabla ya serikali yao. Mwaka wa 1892 alikabidhiwa kituo cha Machakos, mji uliorithi jina la Masaku, kiongozi na mtabiri wa Wakamba. Serikali ya Uingereza ilipoitwaa nchi mwaka wa 1895, Ainsworth aliitawala Ukambani nzima akiwa papa hapa, na Wakamba waliomkaidi walipelekewa askari wenye bunduki. Wakati huo Nairobi ilikuwa tambarare yenye kinamasi, malisho ya ng'ombe wa Wamaasai.

Reli ilipopanda kutoka pwani, ilipita mbali na vilima vyetu, ikafuata mbuga za Kapiti na Athi. Ilifika Nairobi Mei 1899, na mwaka uo huo Ainsworth akafunga virago, akaihamishia afisi yake huko. Kanuni za mji zilipotangazwa mwaka wa 1900, mpaka wa Nairobi ulikuwa duara la maili moja na nusu lililopimwa kuanzia afisi hiyo. Alipanda mikalitusi na kusimamia ujenzi wa barabara. Machakos, iliyokuwa makao makuu, ikabaki kando.

Hata hivyo, hadithi yake haikuishia kwenye miti. Walowezi wengi walimchukia kwa kumwona mtetezi wa Waafrika. Lakini mwaka wa 1917 ndiye aliyesimamia kuandikishwa kwa makumi ya maelfu ya vijana wetu kuwa wapagazi wa vita, na wengi hawakurudi. Mtaa wa Kariokor, Nairobi, ungali unalibeba jina la kikosi chao. Mwaka wa 1919, akiwa kamishna mkuu wa mambo ya Waafrika, alitia sahihi waraka uliowataka machifu kuwahimiza watu wao wakafanye kazi katika mashamba ya walowezi. Alistaafu mwaka wa 1920, akafia Afrika Kusini mwaka wa 1946.

Walimu wenzangu, tukiwafundisha wanafunzi kwamba jumba la KICC lilifunguliwa mwaka wa 1973, na kwamba Britam Tower lililokamilika mwaka wa 2017 lina kimo cha mita 200, tuwafundishe pia kwamba mji haukui kwa kudra tu. Hukua pale wakubwa waamuapo kuweka afisi, na gharama yake hulipwa na watu wasioandikwa ukutani.

Tangu mwaka wa 2013 Machakos ni makao makuu ya serikali ya kaunti, na maghorofa yameanza kuchomoza. Nayafurahia. Ila ningependa kila mwanafunzi apitaye chini yake aulize: uamuzi ni wa nani, na jasho ni la nani? Wazee wetu wa mwaka wa 1899 hawakuulizwa neno.