Lumumba wa posta: karani aliyejua anamwandikia nani

Kila mtoto wa shule anamjua Patrice Emery Lumumba kama waziri mkuu wa kwanza wa Kongo. Ni wachache wanaokumbuka kwamba kabla ya siasa alikuwa karani wa posta, na kwamba ndani ya posta hiyo alitengeneza gazeti. Siku hizi, habari za teknolojia zinazotufikia kwenye simu hapa Kindu mara nyingi zinasifu vyombo ambavyo haviuzwi kwenye soko letu. Ndiyo sababu sehemu hiyo ya maisha yake inafaa kuangaliwa tena.

Alizaliwa tarehe 2 Julai 1925 katika kijiji cha Onalua, territoire ya Katako-Kombe, Sankuru. Alisoma kwa Wakatoliki, kisha kwa Wametodisti wa Wembo-Nyama, lakini hakufika mwisho. Akiwa bado kijana alikuja huku kwetu Maniema, akapata kazi katika kampuni ya machimbo ya bati kule Kalima. Hakukaa sana. Mwaka wa 1944 alikuwa tayari Stanleyville, mji tunaouita leo Kisangani.

Mwaka wa 1947 alitumwa Léopoldville kwenye shule ya posta, akarudi na cheo cha karani. Tusiichukue posta ya wakati ule kama ile tuliyoikuta sisi. Barua, telegramu, pesa za kutuma kwa ndugu, hesabu za cheki: vyote vilipita pale. Kwa mkaaji wa mwaka 1950, posta ilikuwa ndiyo intaneti, ndiyo M-Pesa.

Nyuma ya kazi alisoma vitabu na kutuma makala kwa La Croix du Congo na La Voix du Congolais. Hii ya pili ilianzishwa 1945, ikiongozwa na Antoine-Roger Bolamba, huku mkono wa serikali ya kikoloni ukiwa karibu. Wasomaji wake walikuwa Wakongomani wachache waliojua Kifaransa, pamoja na Wabelgiji waliokuwa wakiwachunga. Makala za Lumumba za miaka ile ni za upole, hata zinawashangaza wanaompenda leo. Wengine wanasema alikuwa bado amelala. Mimi naona alijua vizuri nani atafungua ukurasa ule.

Katika shirika la wafanyakazi weusi wa posta ndipo alipata msomaji wa namna nyingine. Alikuwa mmoja wa viongozi wake Stanleyville, na ndiye aliyesimamia gazeti lao dogo, L'Écho postal. Gazeti la kazi moja tu! Msomaji wake alikuwa mwenzake wa kazini, mtu anayejua mshahara ni ngapi na kupanda cheo kunachukua muda gani. Kwa msomaji kama huyo huwezi kujaza ukurasa na maneno matupu, maana kosa lako ataliona mara moja.

Hapo ndipo kurasa nyingi za teknolojia za leo zinapoanguka. Zinachukua tangazo la kampuni ya ng'ambo, zinaligeuza kwa Kiswahili, basi. Mkaaji wa Kindu anataka kujua anakatwa kiasi gani akitoa pesa kwenye simu, ujumbe wa wezi unatambuliwaje, na betri gani itavumilia panneau solaire ndogo wakati umeme hakuna. Mwandishi akiuliza kwanza nani anasoma, hata habari ya simu mpya itaandikwa kwa namna nyingine.

Mwaka wa 1956 Lumumba alikamatwa kwa kesi ya pesa za posta, akahukumiwa, akatoka 1957. Gerezani aliandika kitabu kilichotoka tu baada ya kifo chake. Alipofunguliwa alienda Léopoldville kuuza bia ya Polar, kazi iliyomfundisha kusema na watu wa cité, hata wasiojua kusoma. MNC ilizaliwa Oktoba 1958. Gazeti lake la Léopoldville liliitwa Indépendance. Lile la Stanleyville lilichukua jina la Kiswahili, Uhuru.

Akiwa waziri mkuu, chombo chake kikubwa kilikuwa redio. Tarehe 5 Septemba 1960 raisi Kasa-Vubu alimwondoa kwenye kiti kupitia redio. Usiku uleule Lumumba akajibu kupitia redio ileile. Kesho yake Umoja wa Mataifa ukafunga kituo. Kasa-Vubu alibaki na redio ya Brazzaville, ng'ambo ya mto. Lumumba hakubaki na kitu.

Mwezi wa Novemba alitoroka nyumba aliyozuiliwa, akielekea Stanleyville. Njiani alisimama mara kwa mara kusema na watu waliokuja kumwona, na muda huo uliwasaidia waliokuwa wakimfuata. Alikamatwa karibu na mto Sankuru mwanzoni mwa Desemba.

Aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961, pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Wakuu wa Katanga walinyamaza siku 27. Tarehe 13 Februari, waziri wao Godefroid Munongo alitangaza kwamba watatu hao walitoroka na wanakijiji wakawaua. Ilikuwa uongo, na jina la kijiji hicho hakulitaja.