Mekatilili wa Menza: Shujaa aliyelala ng'ambo ya Sabaki

MSAFIRI anayetoka mjini Malindi kuelekea Garsen huvuka daraja la mto Sabaki muda mfupi tu baada ya kuuacha mji. Wengi hulipita kwa haraka, wasijue kwamba maji hayo yenye rangi ya udongo yaliwahi kuwa mpaka uliomwaga damu.

Nyuma yao, katika bustani moja mjini Malindi, imesimama sanamu ya mwanamke wa Kigiriama. Mbele yao, ndani kabisa ya Magarini, katika kijiji cha Bungale, lipo kaburi lake. Baina ya alama hizo mbili ndimo ilimo historia ya Mekatilili wa Menza.

Alizaliwa karne ya 19, akapewa jina Mnyazi wa Menza. Alipojifungua kifungua mimba wake, Katilili, aliitwa Mekatilili, yaani mama yake Katilili, kama ilivyo desturi ya Wagiriama. Masimulizi ya wazee yanaeleza kuwa alipokuwa angali msichana, ndugu yake alitekwa na wafanyabiashara wa watumwa, asionekane tena. Yasemekana uchungu huo ulimfanya achukie daima kumwona kijana akichukuliwa kwa nguvu.

Wagiriama wa zama hizo walikuwa wakulima hodari. Walikuwa wamesambaa kutoka kwenye kaya yao hadi kandokando ya Sabaki na ng'ambo yake, wakilima mahindi na kuyauza pwani. Aliye na chakula ghalani mwake hakuona sababu ya kwenda kuwa kibarua katika shamba la mgeni. Hapo ndipo ulipoanza ugomvi na serikali ya kikoloni, iliyotaka kodi ya nyumba pamoja na vijana wa kufanya kazi katika mashamba ya walowezi.

Arthur Champion, afisa wa serikali aliyetumwa kuwatawala, alipoitisha mkutano Agosti 1913, Mekatilili alihudhuria. Masimulizi yanasema alikuja na kuku na vifaranga, akamtaka Champion achukue kifaranga kimoja. Mzungu aliponyosha mkono, kuku alimdonoa. Funzo lilikuwa wazi kwa kila aliyekuwapo: ukigusa wana wa watu, mama yao hatanyamaza.

Tayari alikuwa akizunguka vijijini, akikusanya umati kwa ngoma ya kifudu, ambayo kwa kawaida huchezwa wakati wa msiba. Akishirikiana na mzee Wanje wa Mwadorikola, aliwaongoza watu hadi Kaya Fungo, katika eneo la Kaloleni. Huko wanaume na wanawake walikula viapo vya kutoshirikiana na wakoloni. Ajabu ni kwamba alikuwa mwanamke mjane aliyekwisha pevuka kwa umri, katika jamii ambayo uongozi wa kaya ulikuwa wa wazee wa kiume.

Mnamo Oktoba 1913, yeye na Wanje walikamatwa na kupelekwa Kisii, upande wa pili wa nchi. Januari 1914 walitoroka, wakarejea pwani baada ya safari ya mamia ya kilomita.

Serikali iliamua kuwaadhibu Wagiriama kwa kuwaamuru wahame ardhi yao yenye rutuba kaskazini mwa Sabaki. Mnamo Agosti 4, 1914, siku ambayo Uingereza ilitangaza vita dhidi ya Ujerumani, Kaya Fungo ililipuliwa kwa baruti. Mapigano yalizuka, nyumba zikachomwa, watu wengi wakauawa, na walionusurika wakatozwa faini nzito. Mekatilili alikamatwa tena.

Hata hivyo, amri ya kuwahamisha haikudumu. Baada ya muda serikali ililegeza msimamo na Wagiriama wakarudi kulima ng'ambo ya mto. Mwaka wa 1919 Mekatilili naye alirejeshwa kwao, akapewa heshima ya kuwaongoza wanawake katika kaya. Alifariki katikati ya miaka ya 1920.

Mwaka wa 2008 misitu mitakatifu ya kaya za Wamijikenda, ukiwemo ule wa Kaya Fungo, iliingizwa katika orodha ya Turathi za Dunia. Kwa hivyo, kile kilicholipuliwa kwa baruti sasa kinalindwa.

Lakini alama yenye uzito zaidi ni lile kaburi la Bungale. Liko kaskazini mwa Sabaki, katika ardhi ileile ambayo Wagiriama waliamriwa waihame. Katika pwani ambako familia nyingi zingali zinalilia hatimiliki za mashamba waliyorithi kwa mababu zao, kaburi hilo si la kumbukumbu tu. Ni ushahidi kwamba mwenye ardhi alifukuzwa, akarudi, na hapo ndipo alipozikwa.