Imamu Abu Hanifa, Mnunuzi Aliyepandisha Bei

Watu wanaouliza habari za Uislamu katika pande za Karatu na Ngorongoro si wote wanaoanza na mambo ya mbinguni. Wako wanaoanza na duka. Mtu amenunua sukari, sabuni na mafuta ya kupikia. Wateja ni wengi, mwenye duka amejumlisha kwa haraka na kusahau kuitia sabuni katika hesabu. Mnunuzi amefika nyumbani akakuta amelipa pungufu. Je, yampasa kurudi? Wengi hujibu kwamba hakuiba, maana hakunyosha mkono wake. Aliyekosa ni mwenye duka, na kilichozidi ni riziki aliyoileta Mungu. Jibu hilo limewapendeza watu wengi, hata baadhi ya wanaosali. Badala ya kulijibu kwa hoja tupu, tumeona ni bora tusimulie maisha ya mtu aliyekuwa mfanyabiashara na mwanachuoni kwa wakati mmoja.

Jina lake hasa ni Nuumani bin Thabit, naye alizaliwa katika mji wa Kufa, nchini Iraki, mwaka 80 Hijiria, yaani mwaka 699 wa kalenda ya Kikristo. Asili ya wazee wake ni Uajemi. Katika Afrika ya Mashariki Waislamu walio wengi hufuata madhehebu ya Imamu Shafii, ambaye alizaliwa mwaka uleule aliofariki Abu Hanifa. Kwa hiyo jina la Abu Hanifa husikika zaidi kwa ndugu wenye asili ya Bara Hindi. Lakini kwa wasomaji wetu si mgeni. Seyidna Ahmad, Masihi Aliyeahidiwa a.s., alimsifu sana kwa ufahamu wake wa Kurani Tukufu, na mwaka 1902 aliielekeza Jumuiya yake kwamba jambo lisipopatikana katika Kurani, wala katika Sunna, wala katika Hadithi, basi watende kwa mujibu wa fikihi ya Kihanafi.

Nyumba aliyozaliwa ilikuwa nyumba ya wafanyabiashara. Waliuza khazi, kitambaa cha hariri iliyochanganywa na sufu, kilichokuwa na thamani kubwa. Kijana Nuumani alikuwa mtu wa sokoni, mpaka siku moja alipokutana na mwanachuoni mashuhuri Shaabi, ambaye alimwuliza huwa anakwenda kwa nani. Kijana akataja jina la mfanyabiashara mmoja. Shaabi akamweleza kwamba hakuuliza habari za soko, bali za wanavyuoni, na kwamba ameona ndani yake akili isiyostahili kuachwa bila elimu. Maneno hayo yaliingia moyoni. Baadaye Nuumani alikaa kwa mwalimu wake, Hammad bin Abi Suleiman, kwa muda wa miaka 18, hata mwalimu huyo akafariki mwaka 120 Hijiria. Hata hivyo duka hakulifunga. Faida yake ilimwezesha kuishi bila kupokea ruzuku ya mtawala, na kuwasaidia wanafunzi maskini, kama Abu Yusuf, ambaye baadaye alikuwa Kadhi Mkuu wa dola ya Kiabbasi.

Sasa tuje kwenye habari yenyewe. Imesimuliwa kwamba mwanamke mmoja alimletea Abu Hanifa nguo ya hariri ainunue. Alipoulizwa bei, akataja dirham 100. Abu Hanifa akamwambia kwamba nguo hiyo ina thamani zaidi ya hapo. Mwanamke akaongeza mia, akajibiwa vilevile. Akaongeza mia tena, na tena, mpaka akafika 400, na bado mnunuzi anasema kwamba thamani yake ni kubwa zaidi. Hapo mwanamke akadhani anafanyiwa mzaha. Abu Hanifa akamtaka amlete mtu mwingine aikadirie, na nguo ikanunuliwa kwa dirham 500.

Msomaji na asimame hapa kidogo. Katika biashara hiyo mjuzi alikuwa mnunuzi, na asiyejua alikuwa muuzaji. Bei ya 100 ilitajwa na mwenye mali mwenyewe, kwa hiari yake, bila kushurutishwa. Lau Abu Hanifa angelitoa dirham zile na kukunja nguo, hakuna shahidi ambaye angelimlaumu. Yeye aliona kwamba kutojua kwa mwanamke yule si mlango wa riziki yake.

Wala hakuwa wa kwanza. Sahaba Jarir bin Abdallah r.a., aliyewahi kukaa katika mji huohuo wa Kufa, alinunuliwa farasi kwa dirham 300. Alipomwona farasi, akamwendea mwenyewe, akamwambia kwamba mnyama huyu anastahili zaidi, akawa anapandisha bei mpaka akamlipa 800. Sababu aliyoitoa ni kwamba alimpa Mtume Mtukufu s.a.w. ahadi ya kumtakia heri kila Mwislamu. Huenda mtu wa Karatu akauliza: na ikiwa mwenye duka ni Mlutheri au Mkatoliki, au ni mzee anayeshika mila za wazazi wake? Kurani Tukufu imekwisha kulijibu swali hili katika Sura ya 83, inayowaonya wale ambao wanapojipimia kwa watu hutaka kipimo kitimie, na wanapowapimia wengine hupunguza. Neno lililotumika hapo ni watu. Dini ya mwenye mizani haikutajwa.

Sura hiyo huisomi Karatu bila kuyakumbuka magunia ya vitunguu. Vitunguu vya Mang'ola, karibu na Ziwa Eyasi, hustawi kwa maji ya chemchemi na husafirishwa mbali. Desturi ya lumbesa inajulikana kwa kila mkulima: gunia hujazwa mpaka mdomoni, kisha huongezewa wavu au kipande cha gunia jingine juu, likashonwa likiwa na nundu, na mnunuzi hulilipa kama gunia moja. Wakala wa Vipimo umeikataza desturi hiyo, lakini wakulima wameilalamikia mwaka baada ya mwaka. Mnunuzi wa lumbesa haibi usiku, wala hafichi kitu; hutumia tu haja ya mkulima, ambaye vitunguu vyake vikikaa vitaoza, na huita jambo hilo kawaida ya soko. Soko la Kufa nalo lilikuwa na kawaida zake. Abu Hanifa alizijua zote.

Yafaa hapa tutofautishe mambo mawili, kwa maana wengine huyachanganya. Yule mwanamke wa Kufa aliridhia bei yake, ingawa kwa kutojua. Na katika sheria, mapatano ya watu wawili walioridhiana ni jambo zito. Mwenye duka aliyesahau sabuni katika hesabu hakuridhia lolote. Hakusema sabuni ni bure. Yeye aliuza kwa bei yake, na sehemu ya bei hiyo bado imo mfukoni mwa mnunuzi. Ni deni, na deni halifutwi kwa mwenyewe kulisahau. Vivyo hivyo chenji iliyozidi. Basi ikiwa Imamu aliona haya kuchukua kile ambacho mwenyewe alikuwa tayari kukitoa, sijui ni kwa njia gani mtu atahalalisha kile ambacho mwenyewe hakukusudia kamwe kukitoa.

Kwa upande wa kuuza, alikuwa vilevile. Alikuwa na mshirika aitwaye Hafs bin Abdurrahman. Alimpelekea bidhaa, akamjulisha kwamba nguo fulani ina kasoro, na akamwagiza aionyeshe kwa mnunuzi. Hafs aliuza zote akasahau kuitaja kasoro ile, wala hakumjua aliyeinunua. Abu Hanifa alipopata habari, alitoa sadaka thamani yote ya bidhaa zile. Habari hii yawafaa hasa wenye maduka ya vinyago na shanga walio kando ya barabara iendayo Ngorongoro. Mgeni hununua asubuhi, jioni yumo ndani ya hifadhi, na baada ya siku chache amekwisha kurudi Ulaya au Marekani; ukigundua kwamba ulimtoza mara mbili, utamtafuta wapi? Hafs naye hakuwa na pa kumtafuta mtu wake. Lakini Abu Hanifa hakusema kwamba kwa kuwa mwenye haki hapatikani, basi haki imekuwa yetu.

Imesimuliwa pia kwamba kondoo walioporwa walipochanganyika na kondoo wa Kufa, aliuliza kondoo huishi miaka mingapi. Alipoambiwa ni miaka saba, akaacha kula nyama ya kondoo miaka saba. Si kila mtu atawajibika kwenda umbali huo, na hatumwambii mwongofu mpya kwamba hiyo ni faradhi. Lakini aliyefanya baiati katika Jumuiya amekubali masharti 10 yaliyotangazwa mwaka 1889, na sharti la pili lamtaka ajiepushe na hiana. Hiana haikuwekewa kiwango cha shilingi.

Watu wengi wanaosifu uaminifu wa Abu Hanifa sokoni husahau kuuhusisha na mateso yake, nasi twaona ni jambo moja. Katika siku za mwisho za dola ya Bani Umayya, gavana Ibn Hubaira alitaka kumpa cheo. Alikataa, akapigwa mijeledi, kisha akahamia Makka. Dola ilipopinduliwa na Bani Abbas akarudi Kufa, na Khalifa Mansur akamwita Baghdad ili awe kadhi. Abu Hanifa akajibu kwamba hafai kwa kazi hiyo. Khalifa akamwambia kwamba anasema uwongo. Naye akaonyesha kwamba Khalifa mwenyewe amekwisha kuhukumu: ikiwa asemalo ni kweli, basi hafai, na ikiwa ni uwongo, basi mwongo hawezi kufanywa kadhi.

Jibu hilo husimuliwa mara nyingi kwa kuchekesha, na kweli lina ladha. Lakini aliyelitoa alilipia. Alijua kwamba watawala walihitaji jina lake jema ili hukumu zao zionekane za haki, na kwamba cheo na mshahara waliomtolea vilikuwa bei ndogo kwa kitu walichotaka kukinunua. Yule asiyekubali kununua hariri ya dirham 500 kwa 100 hakukubali pia kuuza ushahidi wake. Akafungwa gerezani, na yasemekana kwamba alipigwa tena. Akafariki Baghdad mwaka 150 Hijiria, yaani mwaka 767, akiwa na umri wa miaka 70 kwa hesabu ya Hijiria. Wapokezi wanatofautiana juu ya sababu ya kifo chake.

Watu waliomzika walikuwa wengi mno, hata sala ya jeneza ikarudiwa mara sita. Lakini kabla ya kufa alikuwa ameacha wasia. Baghdad ulikuwa mji mpya, nao Khalifa ndiye aliyeujenga. Katika ardhi yake ilikuwamo iliyosemekana kwamba ilichukuliwa kwa wenyewe bila haki. Abu Hanifa akausia asizikwe katika ardhi ya namna hiyo, bali wamtafutie mahali pasipo na dhuluma ya mtu. Wakampeleka makaburi ya Khaizurani. Yasimuliwa kwamba Mansur alipopata habari za wasia huo, alilalamika ni nani atakayempa udhuru mbele ya mtu huyu, akiwa hai na akiwa maiti.